2,147,483,647: Historia ya Namba Moja

Mwaka 1811 Peter Barlow, mwalimu wa hisabati katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, Uingereza, alichapisha kitabu cha nadharia ya namba. Barlow hakuwa mtu wa porojo. Ndiye aliyekuja kutunga majedwali ya hesabu yaliyotumiwa na vizazi vya wahandisi, na ndiye aliyehangaika kutafuta namna ya kuzuia dira isipotoshwe na chuma cha meli. Lakini katika kitabu kile alijiachia, akatoa utabiri. Alipofika kwenye namba zinazoitwa timilifu, aliitaja iliyokuwa kubwa kuliko zote zilizojulikana siku zile, yenye tarakimu 19, akasema huenda ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana. Sababu yake ilikuwa nyepesi: namba hizi ni za udadisi tu, hazina faida, kwa hiyo haelekei kutokea mtu wa kujisumbua kutafuta nyingine mbele yake.

Namba ile ya tarakimu 19 imejengwa juu ya namba nyingine ndogo zaidi, na hiyo ndogo ndiyo yenye historia hii: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Andika 2 mara thelathini na moja, zizidishe zote, kisha toa 1. Wanahisabati huiandika 2³¹ − 1. Utabiri wa Barlow ulianguka pande zote mbili, wa ukubwa na wa faida, na ule wa faida ndio ulioanguka kwa kishindo.

Habari yenyewe inaanzia Alexandria, Misri, yapata miaka 300 kabla ya Kristo. Katika kitabu cha tisa cha kazi yake kubwa ya hisabati, Euclid alionyesha njia ya kutengeneza namba timilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe. Chukua 6: hugawanyika kwa 1, 2 na 3, na 1 + 2 + 3 ni 6. Chukua 28: vigawo vyake ni 1, 2, 4, 7 na 14, vijumlishe, unarudi kwenye 28. Njia ya Euclid ni kuanza na 1, kuendelea kuzidisha kwa 2, na kujumlisha kila unapofika. Jumla ikitokea kuwa namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, izidishe na namba ya mwisho uliyoandika. 1 + 2 + 4 ni 7; 7 ni tasa; 7 × 4 ni 28. 1 + 2 + 4 + 8 + 16 ni 31. Nayo ni tasa. 31 × 16 ni 496. Jumla hizo daima ni 2 iliyopandishwa kwenye kipeo fulani, kasoro 1. Kwa hiyo anayewinda namba timilifu kwa njia hii ana swali moja tu la kujibu: ni kwa vipeo vipi namba ya aina hii huwa tasa?

Nikomako wa Gerasa, mji ulioko Jordan ya leo, aliandika yapata mwaka 100 baada ya Kristo, naye alizijua nne tu: 6, 28, 496 na 8,128. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiarabu na Thabit ibn Qurra, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9, na wasomi wa Kiislamu hawakuishia kukariri. Katika karne ya 13 Ismail ibn Fallus aliandika jedwali la namba kumi alizodai ni timilifu. Tatu za mwisho zilikuwa na makosa. Saba za kwanza zilikuwa sahihi kabisa, na ndizo hasa saba za kwanza katika mfuatano, mpaka ile ya 137,438,691,328. Wataalamu wa Ulaya walikuja kuzigundua upya baada ya zaidi ya miaka mia mbili bila habari kwamba zilikwisha kuandikwa. Vitabu vingi vya historia ya hisabati vinaanza na Wagiriki, vinaruka, vinatua Italia. Jedwali la Ibn Fallus linatosha kuonyesha kilichorukwa.

Ya nane katika mfuatano huo ndiyo ya Barlow, na ili kuipata ilibidi kwanza mtu athibitishe kwamba 2,147,483,647 ni tasa.

Mtu wa kwanza kudai hivyo waziwazi alikuwa Pietro Cataldi wa Bologna. Mwaka 1588 alithibitisha kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa, kwa njia ya jasho: alikuwa na orodha ya namba tasa ndogo, akagawa moja baada ya nyingine. Kwa 524,287, ambayo ni 2¹⁹ − 1, ilimtosha kufika 724, kwa sababu kipeuo chake cha pili kiko hapo. Kama namba ina kigawo kikubwa kuliko kipeuo chake, lazima iwe na kingine kidogo kuliko kipeuo hicho. Kazi hiyo inakubalika. Lakini baada ya hapo Cataldi alivimba kichwa, akadai bila uthibitisho kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa namba tasa. Katika hivyo vinne alipatia kimoja tu, 31. Hatuwezi kumhesabia ugunduzi mtu aliyebahatisha mara nne akapata mara moja.

Aliyemkosoa alikuwa mwanasheria. Pierre de Fermat alikuwa diwani wa mahakama ya Toulouse, na hisabati ilikuwa kazi yake ya saa za mapumziko. Mwaka 1640 aligundua kanuni iliyopunguza jasho la Cataldi kwa kiasi kikubwa. Ikiwa kipeo ni namba tasa p kubwa kuliko 2, basi kigawo tasa chochote cha 2 kwa kipeo p, kasoro 1, lazima kibakishe 1 kinapogawanywa kwa 2p. Jaribu kwa kipeo 23: vigawo vinavyowezekana ni vile tu vinavyobakisha 1 vikigawanywa kwa 46. Cha kwanza ni 47. Fermat akagawa, na 47 ikaingia bila baki: 8,388,607 ni 47 × 178,481. Mgawanyo mmoja tu, na dai la Cataldi limekwisha. Kwa kipeo 37 kanuni inataka vigawo vya umbo la 74k + 1. 75 haifai, 149 haigawi, na 223 inaingia sawasawa. Kipeo 29 kilisubiri mpaka mwaka 1738, pale Euler alipoonyesha kwamba kinavunjwa na 233.

Rafiki wa Fermat aliyekuwa akipokea barua zake ni mtawa Marin Mersenne, aliyeishi katika nyumba ya watawa mjini Paris. Kabla ya kuwapo majarida ya sayansi, chumba cha Mersenne kilifanya kazi ya jarida: Descartes, Fermat na wengine wengi waliandika kwake, naye akasambaza. Mwaka 1644, katika kitabu kimojawapo, aliandika kwamba namba hizi ni tasa kwa vipeo 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, na si kwa vingine vyovyote mpaka hapo. Alikiri mwenyewe kwamba kuthibitisha kama namba ya tarakimu 15 au 20 ni tasa ni kazi ambayo umri wote wa dunia usingeitosha. Basi alijuaje? Hakuna aliyewahi kupata hesabu zake. Orodha ina makosa matano: 67 na 257 hazistahili kuwamo, na 61, 89 na 107 zimeachwa nje. Hata hivyo namba za aina hii zinaitwa namba za Mersenne hadi leo, jambo ambalo Ibn Fallus angekuwa na haki ya kulilalamikia.

Kwa hiyo mwaka 1644 namba yetu ilikuwa imeshatajwa kuwa tasa na watu wawili, na wote wawili hawakuwa na uthibitisho. Ikakaa hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja na ishirini.

Leonhard Euler alizaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1707. Jicho lake la kulia liliharibika akiwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Aliporudi Urusi mwaka 1766, baada ya miaka 25 ya kazi Berlin, jicho la kushoto lilikuwa limeanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Mwaka 1771 ulimwandama. Moto mkubwa uliikumba St Petersburg, nyumba yake ikateketea, na mzee yule kipofu akaokolewa na fundi mmoja Mswisi, Peter Grimm, aliyeingia ndani ya moto akamtoa. Mwaka huohuo alipasuliwa jicho. Aliona kwa siku chache, kisha jeraha likaingia uchafu na giza likarudi kwa kudumu. Mtu mwingine angefunga vitabu. Euler aliendelea kuwatamkia wasaidizi wake, na sehemu kubwa ya maandishi yake ni ya miaka hii ya upofu.

Barua inayotuhusu ilitoka katika kumbukumbu za Chuo cha Sayansi cha Berlin za mwaka 1772. Imeandikwa kwa Bernoulli, mmoja wa ukoo ule uliotoa wanahisabati kizazi baada ya kizazi, na ni fupi. Ndani yake mna kanuni maarufu ya 41 − x + x², ambayo ukianza na x = 1 inatoa 41, kisha 43, 47, 53, 61, na kuendelea hivyo, namba tasa arobaini mfululizo hadi 1,601. Na ndani ya barua hiyohiyo, kwa maneno machache, mna uthibitisho kwamba 2³¹ − 1 ni tasa.

Hapa panastahili kukaa kidogo, maana uzuri wa kazi uko katika kile ambacho Euler hakukifanya. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na desimali. Cataldi angelazimika kugawa kwa kila namba tasa mpaka hapo, nazo zinakaribia 4,800. Kwa kalamu na karatasi hiyo ni kazi ya kuvunja mgongo, na kosa moja tu katikati linaharibu yote.

Euler alianza na kanuni ya Fermat. Kipeo ni 31, kwa hiyo kigawo tasa lazima kibakishe 1 kinapogawanywa kwa 62. Kisha akaongeza kanuni ya pili. Tuseme kuna kigawo tasa q kinachoigawa 2³¹ − 1 bila baki. Basi 2³² ikigawanywa kwa q inabakisha 2. Lakini 2³² ni mraba: ni 65,536 mara 65,536. Maana yake, kwa q hiyo, 2 hupatikana kama baki la namba ya mraba. Na namba tasa witiri zinazoruhusu jambo hilo ni zile tu zinazobakisha 1 au 7 zikigawanywa kwa 8. Unganisha masharti mawili, na vigawo vyote vinavyowezekana vinabaki katika maumbo mawili tu: 248n + 1 na 248n + 63.

Tuzifuate. 63 si tasa. 249 ni 3 × 83. 311 ni tasa, basi tunagawa: 311 inaingia mara 6,905,092 na baki ni 35. Haifai. 497, 559, 745, 807, 993, 1,055 na 1,241 zote si tasa, tunaziruka. 1,303 ni tasa: baki ni 226. 1,489 ni tasa: baki ni 199. Na kuendelea hivyo mpaka mpaka wa 46,340. Namba zenye maumbo hayo mawili ni 373 tu, na ukiondoa zisizo tasa zinabaki zisizofika 100. Kazi iliyokuwa ya mgawanyo elfu tano ikawa ya siku chache. Kila mara baki lilikataa kuwa sifuri. Euler aliandika kwamba amezipima zote mpaka 46,339, wala hakupata hata moja inayogawa.

Basi 2,147,483,647 ni tasa, na 2,305,843,008,139,952,128 ni namba timilifu ya nane. Hiyo ndiyo Barlow aliyoiona kama mwisho wa njia.

Barlow alipima kwa kipimo cha njia aliyoijua. Kwa namba inayofuata katika mfuatano, 2⁶¹ − 1, kipeuo cha pili kinapita bilioni moja na nusu; hata ukitumia kanuni za Fermat na Euler, vigawo vya kujaribu ni mamilioni. Kwa njia ya kugawa alikuwa sahihi: hakuna ambaye angejisumbua. Asichokiona ni kwamba kuna njia ya kujua namba ni tasa bila kuigawa hata mara moja.

Njia hiyo ilitoka kwa Édouard Lucas, Mfaransa aliyepigana kama afisa wa mizinga katika vita na Prussia mwaka 1870, kisha akawa mwalimu. Ilinyooshwa baadaye na Mmarekani Derrick Lehmer, na ni fupi hata inatia shaka. Anza na 4. Ipige mraba, toa 2, kisha gawa kwa namba unayoipima na ubakishe baki tu. Rudia. Kwa kipeo p, rudia mara p kasoro 2. Ukifika sifuri, namba ni tasa. Usipofika, si tasa. Tuipime 31, ambayo ni 2⁵ − 1: 4 inatoa 14, 14 inatoa 194, ambayo ikigawanywa kwa 31 inabakisha 8, 8 inatoa 62, ambayo inabakisha 0. Hatua tatu, tasa. Kwa namba ya Euler zinahitajika hatua 29 peke yake.

Mwaka 1876 Lucas alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Mwaka huohuo alionyesha kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, bila kujua kigawo chake hata kimoja. Vigawo vyenyewe, 193,707,721 na 761,838,257,287, vilitolewa na Frank Cole mjini New York mwaka 1903. Mwaka 1883 padri wa kijijini huko Urali, Ivan Pervushin, alithibitisha 2⁶¹ − 1. Mwaka 1911 na 1914 R. E. Powers, mfanyakazi wa reli wa Colorado, aliongeza 89 na 107. Tazama orodha hiyo: mwalimu, padri, mtu wa reli. Barlow alisema hatatokea mtu wa kujisumbua. Wasumbufu hawakupungua hata siku moja. Lucas mwenyewe alikufa kifo cha ajabu mwaka 1891: katika karamu sahani ilidondoka, kigae kikamkata shavuni, na uambukizo ukamuua siku chache baadaye.

Kutoka hapo mashine zilichukua kazi. Usiku wa tarehe 30 Januari 1952 kompyuta ya SWAC huko Los Angeles, ikitumia programu ya Raphael Robinson, ilipata namba tasa mbili mpya za Mersenne kwa mkupuo, za vipeo 521 na 607. Mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa ile ya kipeo 136,279,841, yenye tarakimu zaidi ya milioni 41. Namba ya Euler, yenye tarakimu kumi, leo ni kitu cha kuhakikiwa na simu ya mkononi kabla hujapepesa jicho.

Habari ya ukubwa inaishia hapo. Imebaki ya faida, nayo ina matawi mawili ambayo watu huyachanganya.

Tawi la kwanza linatokana na utasa wenyewe. Kompyuta haiwezi kurusha kete. Lakini wanasayansi wanaoiga mwenendo wa nyutroni, foleni za benki au kuenea kwa ugonjwa wanahitaji namba zinazoonekana kana kwamba zimetoka kwa bahati. Mwaka 1949 Lehmer, yuleyule aliyenyoosha njia ya Lucas, alipendekeza ufundi rahisi: chagua namba ya kuzidishia, zidisha, gawa kwa namba fulani isiyobadilika, chukua baki, kisha baki hilo lizidishe tena. Fanya hivyo kwa kizidishi 3 na kigawanyi 7, ambacho ni tasa: 1, 3, 2, 6, 4, 5, kisha unarudi 1. Umezipitia namba zote kutoka 1 hadi 6 kabla ya kujirudia. Fanya kwa kizidishi hichohicho na kigawanyi 8, ambacho si tasa: 1, 3, 1, 3, 1, 3. Haifai kwa lolote. Kigawanyi kikiwa tasa, unaweza kupata kizidishi kinachopita kila mahali.

Mwaka 1969 wataalamu wa IBM walitafuta kigawanyi kikubwa cha tasa kilichokaa vizuri ndani ya mashine zao za System/360, na kilichokuwa kikiwasubiri ni 2,147,483,647. Kizidishi walichokichagua ni 16,807, yaani 7 kwa kipeo cha 5. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, kisha 984,943,658, na hakuna mtu atakayekisia inayofuata kwa kuitazama tu. Mfuatano hupita namba 2,147,483,646 zote pasipo kuacha hata moja, ndipo unarudi mwanzo. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipoona jinsi programu nyingi zilivyotumia njia mbovu, waliipendekeza hii kama kiwango cha chini kinachokubalika, wakatoa na kipimo cha kuhakiki: anza na 1, zidisha mara 10,000, lazima ufike 1,043,618,065. Kipimo hicho kimo mpaka leo katika kanuni rasmi za lugha ya C++. Kwa kazi nzito za sasa njia hii imepitwa na wakati, maana kompyuta humaliza bilioni mbili kwa sekunde chache. Iliyochukua nafasi yake kwa sehemu kubwa ilitoka Japani mwishoni mwa miaka ya 1990, nayo imejengwa juu ya namba nyingine tasa ya Mersenne, ile ya kipeo 19,937.

Tawi la pili halihusiani na utasa hata kidogo. Kompyuta za miongo mingi zilihifadhi namba kamili katika biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1. Biti moja inaonyesha kama namba ni chanya au hasi, zinabaki 31, na kubwa kuliko zote inayoenea humo ni 2³¹ − 1. Ukiongeza 1 juu yake, mara nyingi hupati namba kubwa zaidi: unapata hasi ya bilioni mbili na ushee, kama mita ya gari inayozunguka na kurudi nyuma. Kwamba kikomo hiki kimeangukia juu ya namba ya Euler ni bahati tu. Mashine za biti 64 zilipokuja, kikomo kilihamia 2⁶³ − 1, na hiyo inagawanyika kwa 7. Hakuna fundi aliyehuzunika.

Lakini kikomo ni kikomo, na mahali pengi kimeuma. Mwezi Desemba 2014 wimbo wa Gangnam Style wa mwanamuziki Psy ulitazamwa mara nyingi kuliko kikomo hiki, na YouTube ikabidi ipanue kihesabio chake kiwe cha biti 64. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliamuru ndege za Boeing 787 zizimwe umeme mara kwa mara: vidhibiti vya jenereta zake vingeweza kujizima vyote kwa pamoja vikiwashwa mfululizo kwa siku 248, kwa sababu kihesabio ndani yake kingefurika. Ukihesabu sehemu za mia za sekunde kuanzia sifuri, 2,147,483,647 inatimia baada ya siku 248 na nusu. Hiyo 248 ni namba ileile iliyo katika maumbo mawili ya Euler, na ni sadfa tupu, ila msomaji ataniwia radhi kwa kuitaja. Kwetu sisi tunaohesabu kwa shilingi, kikomo hiki kiko karibu kuliko kwa wanaohesabu kwa dola: safu ya biti 32 haiwezi kuandika shilingi bilioni mbili na robo, fedha ambazo kampuni ya kawaida ya ujenzi wa barabara huzipitisha kwenye mkataba mmoja.

Pigo kubwa zaidi bado halijafika. Mifumo ya aina ya Unix huhesabu wakati kwa sekunde kuanzia mwanzo wa siku ya tarehe 1 Januari 1970, na iliyojengwa zamani huziweka sekunde hizo katika biti 32. Sekunde ya 2,147,483,647 itatimia Jumanne tarehe 19 Januari 2038. Nairobi, Dar es Salaam na Kampala itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Bujumbura, Kigali na Goma saa 11 na dakika 14 alfajiri. Muscat saa 1 na dakika 14 asubuhi. Sekunde inayofuata, mtambo ambao haujarekebishwa utaamini ni Ijumaa tarehe 13 Desemba 1901 kwa saa za Greenwich. Kompyuta na simu mpya hazina tatizo, na tangu mwaka 2020 kiini cha Linux kinaruhusu hata mashine za biti 32 kuvuka siku hiyo. Wasiwasi uko kwenye vitu vinavyofungwa mahali na kusahauliwa: mita, vidhibiti vya pampu na majenereta, mashine za hospitali, kamera za milangoni, vingi vikiwa vimenunuliwa vikiwa vimeshatumika kwingine. Kama wewe ndiye unayesaini ununuzi wa mtambo utakaokuwa bado unafanya kazi mwaka 2038, muulize muuzaji kabla hujalipa: saa yake inahesabu sekunde kwa biti ngapi?